Mwenye Heri Isidore Bakanja: maisha ya mkristu mmoja kazini

Ndugu wakristu, nanyi mapadri wageni wetu mliokuja kushangilia Jubilei pamoja nasi, tulipoombwa kuandika katika kitabu hiki maisha ya mtu mmoja wa Mungu, wengi walitazamia kwamba tungeandika juu ya wamisionari wa kwanza. Sisi walimu wa dini tumemchagua kijana mmoja wa nchi yetu ya Kongo ambaye hakuwa padri wala bradha, hakuwa na cheo cha ualimu, hakuacha barua wala kitabu, na ambaye aliishi katika ukristu muda wa miaka mitatu na miezi mitatu tu. Jina lake ni Isidore Bakanja.

Tuna sababu ya kumchagua. Kila mara tunapowasimulia wakatekumeni habari zake, ulizo moja linarudi. Wanataka kujua kwa nini hakuificha skapulari yake ndani ya nguo. Tunawaeleza kwamba skapulari si sakramenti, na kwamba Kanisa halikumlazimisha mkristu yeyote kuivaa. Ndipo ulizo linazidi kuwa gumu, kwani kama ni hivyo, angeweza kuivua bila dhambi na kuokoa maisha yake. Wanaouliza si watoto peke yao. Wako wafanyakazi, wachuuzi wa mpakani, askari na wenye kuandika katika maofisi, watu wanaojua vizuri namna mkubwa anavyomtaka mtu aache dini yake nyumbani anapokuja kazini. Basi tusimulie maisha yake tangu mwanzo, ulizo hilo likiwa mbele yetu.

Bakanja alizaliwa kati ya miaka 1880 na 1890, na wengi hutaja mwaka 1885, katika kijiji cha Bokendela, kabila la Waboangi, katika misitu ya Ekwateri. Kutoka kwetu Goma ni mbali sana, upande wa magharibi, kupita msitu wote mkubwa, katika nchi ambayo watu hawasemi Kiswahili. Ni nchi ya mito. Mto Busira unaungana na Momboyo na kuwa Ruki, na Ruki unaingia katika mto Kongo karibu na mji wa Mbandaka, ambao zamani zile uliitwa Coquilhatville.

Hatuwezi kuelewa maisha yake kama hatukumbuki hali ya nchi hiyo wakati wa ujana wake. Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Serikali yake, ambayo wazee wetu waliiita Bula Matari, pamoja na kompani zilizopewa ruhusa yake, zilitaka mpira wa porini na pembe za tembo. Wanaume walilazimishwa kuingia msituni kutafuta mpira, na yule ambaye hakutimiza kipimo aliadhibiwa, pengine pamoja na mke wake na watoto wake. Sifa mbaya ya mambo hayo ilienea ulimwenguni, mpaka tarehe 15 Novemba 1908 nchi ya Ubelgiji ikaitwaa Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Bendera ilibadilika. Lakini katika maposti ya msituni wakubwa walikuwa wale wale, na fimbo ilikuwa ile ile.

Akiwa kijana Bakanja alishuka mpaka Coquilhatville kutafuta kazi, kama vijana wetu wanavyoshuka kutoka Masisi na Rutshuru kuja Goma. Akapata kazi ya kuwasaidia mafundi wa kujenga. Hapo ndipo alipokutana na Watrapisti, wamonaki waliotoka Westmalle katika Ubelgiji. Wamonaki hao kwa desturi yao ni watu wa kunyamaza, lakini katika Kongo walikubali kuwa wahubiri. Alifundishwa nao, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 na kupewa jina la Isidore. Tarehe 25 Novemba ya mwaka ule akapata kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 komunyo ya kwanza.

Siku ya ubatizo wake alipewa pia rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Vijana wengi wa leo hawaijui skapulari, basi tueleze: ni vipande viwili vidogo vya nguo ya rangi ya kahawia, vimefungwa kwa kamba mbili, kimoja kinalala kifuani na kingine mgongoni. Ni mfano mdogo wa vazi la watawa wa Karmeli. Katika nchi ile, ambamo wakristu walikuwa wachache sana kati ya watu wengi, rozari mkononi na skapulari shingoni vilikuwa ndivyo alama. Mtu akikutana njiani na mwenye kuvaa hivyo alijua kwamba huyu amekwisha kutoka katika maisha ya kwanza na kuingia katika mengine. Alama haikuwa ya mwenyewe tu. Ilikuwa kwa macho ya wengine. Tunaomba msomaji aliweke neno hilo moyoni, kwa maana litarudi.

Kazi yake ya mjini ilipokwisha, Isidore alirudi upande wa kwao. Huko hakukuwa na padri, wala kanisa. Akaenda Busira, akaajiriwa kuwa boyi wa mzungu mmoja aliyeitwa Reynders, mtumishi wa kompani ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu, iliyojulikana kwa herufi SAB. Kazi yake ilikuwa ya nyumbani: kupika, kufua, kuandaa meza. Reynders alipohamishwa kwenda posti ya Ikili, boyi wake alimfuata. Mkubwa wa Ikili aliitwa Van Cauter.

Wachoraji na wahubiri hupenda kukimbilia siku ya mapigo. Sisi tunaona kwamba ni lazima kukaa kwanza katika miezi ile ya Ikili ambamo hakuna lolote kubwa lililotokea. Isidore alifanya kazi yake vizuri. Jioni, kazi ilipokwisha, alisali, na wenzake walimsikia. Wenye kutaka kujua aliwafundisha sala zile alizofundishwa na mapadri. Hakuwa ametumwa na mtu. Hakuwa na daftari wala mshahara wa katekista. Hata hivyo watu wengi walimdhani kuwa katekista, kwa sababu kila alipopata nafasi alisema habari za imani yake. Na walikuwa wakimtazama. Watu wa posti kama ile, wenye kuona ukali asubuhi na jioni, wanajua upesi kumtambua mtu ambaye hageuki kuwa mkali kwa walio chini yake.

Van Cauter naye alikuwa akimtazama. Mtu huyu aliwachukia wamisionari, na tunaweza kufahamu sababu bila kuitafuta mbali. Mapadri waliwafundisha watu weusi kwamba wao ni watoto wa Mungu, na mtu anayejua hivyo si rahisi kumfanya kuwa chombo cha kuleta mpira. Akamkataza Isidore kufundisha sala, kwa kuwa aliogopa kwamba kijiji chote kitaanza kusali na hakuna atakayefanya kazi. Wanaosema kwamba Van Cauter alikuwa mwenda wazimu wanakosea, kwa maoni yetu. Alikuwa ameona sawasawa. Hakukasirishwa na vipande viwili vya nguo. Alikasirishwa na watu walioanza kumfuata yule aliyevivaa.

Reynders, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimshauri boyi wake asionyeshe ukristu wake mbele ya mkubwa. Isidore mwenyewe aliomba ruhusa ya kuondoka Ikili na kurudi kwao. Ruhusa ilikataliwa. Tunawaomba wakatekumeni wetu wasilisahau jambo hili: Isidore hakutafuta kufa. Alifanya kama Bwana wetu alivyowaruhusu wanafunzi wake, yaani kukimbia mji mmoja na kwenda mwingine wanapoteswa. Mlango ulifungwa na wengine. Ilibaki njia moja tu ya kupata amani, nayo ilikuwa kuivua alama ile mbele ya wenzake wote waliokuwa wamejifunza kusali kutoka kinywani mwake. Kama angeivua, wao wangefahamu nini juu ya sala zile? Tunadhani hapo ndipo lilipo jibu la ulizo letu. Skapulari ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wengine pia.

Van Cauter alimwamuru aitupe. Hakuitupa, akapigwa mara ya kwanza. Kisha, tarehe 2 Februari 1909, siku ambayo Kanisa hukumbuka Yezu kutolewa hekaluni, hasira ya mkubwa ikawaka kupita kiasi. Alimrukia, akamng'oa skapulari shingoni, akamwangusha chini. Maboyi wawili wakaamriwa kumshika mikono na miguu, na wa tatu kumpiga. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, na mwisho wake ilikuwa na misumari. Isidore aliomba huruma. Hatuna haja ya kuficha neno hilo kama wafanyavyo wengine wanaotaka mashahidi wa Kristu wawe kama mawe. Alilia na kuomba, kama mtu yeyote. Van Cauter alimpiga mateke ya shingo na ya kichwa, akaagiza fimbo izidi. Walioona walihesabu mpaka mia moja, halafu hesabu ikawapotea. Mgongo wote ulikuwa kidonda kimoja, na mahali pengine mifupa ilionekana.

Tukisimulia habari hii, mara nyingi tunawapita upesi wale maboyi watatu. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa wenzake wa kazi, na pengine walikwisha kumsikia akisali jioni. Waliamriwa, wakaogopa. Katika nchi yetu, ambayo imeona watu wengi wenye silaha wakiwaamuru wengine, tunajua kwamba watu wa namna hiyo si wa hadithi. Wanaishi kati yetu, nao wana hukumu yao na huruma yao mbele ya Mungu. Isidore hakuonekana hata mara moja kuwalaumu.

Baada ya kupigwa alitupwa, miguu ikiwa katika minyororo, ndani ya nyumba ya kukaushia mpira. Hakuweza hata kusogea kwa haja zake. Siku zikapita, mpaka habari ikafika kwamba inspekta wa kompani anakuja. Van Cauter hakutaka jambo hilo lionekane, akatoa amri mgonjwa apelekwe kijiji kingine. Lakini Isidore hakuweza kutembea. Akaanguka njiani, akajificha msituni. Inspekta, Dörpinghaus kwa jina, alipofika upande ule, yule kijana alijikokota akatoka katika majani na kujionyesha mbele yake. Inspekta aliingiwa na hofu kuu kwa yale aliyoyaona, na ushuhuda wake ulioandikwa kwa mkono wake umebaki mpaka leo. Alimkinga na Van Cauter, akamchukua mpaka kwenye makao yake, akamwosha vidonda na kujaribu kumponya.

Tunaona vema kutaja neno hilo mbele ya mapadri wageni wetu, kwa kuwa wako wanaoigeuza habari ya Bakanja kuwa habari ya weupe na weusi tu. Aliyeagiza fimbo alikuwa mzungu, nao waliombatiza na aliyemwokota njiani walikuwa wazungu vilevile. Ubaya wa fimbo haupungui kwa sababu hiyo. Lakini ukweli usemwe wote.

Vidonda havikupona. Vilioza, na harufu yake ilikuwa ngumu kwa walio karibu. Isidore alihisi mauti katika mifupa yake, akamwagiza mtu mmoja aliyemhurumia kwamba akimwona mama yake, au akienda kwa hakimu, au akikutana na padri, awaambie kwamba anakufa kwa sababu ni mkristu. Watu hao watatu alijua vizuri kuwachagua. Mama, kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Hakimu, kwa kuwa aliona ni haki jambo lijulikane na serikali. Padri, kwa kuwa alitaka sakramenti. Mtu aliyesamehe hakuona ubaya wa kumjulisha hakimu. Tulishika neno hilo baada ya miaka mingi ya kufundisha, nasi tunalifundisha sasa kwa nguvu, kwa sababu wako wanaowaambia walioonewa kwamba kusamehe ni kunyamaza.

Alipelekwa Busira, na hapo wakristu walimtunza. Tarehe 24 na 25 Julai 1909 wamisionari wawili, Padri Grégoire Kaptein na Padri Georges Dubrulle, walifika kwake. Walimpa kitubio, mpako wa wagonjwa na komunyo ya safari. Wakamwuliza sababu ya mapigo yake. Akaeleza kwa maneno machache kwamba mzungu hakuwapenda wakristu, hakutaka avae skapulari, na alimkemea aliposali. Ndipo mapadri, kama ilivyo wajibu wao, wakamhimiza amsamehe mtesi wake.

Alikuwa amekwisha kumsamehe. Aliwajibu kwamba hana chuki naye hata kidogo, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Sisi wenye kufundisha dini tunasimama kila mara mahali hapa. Mapadri wale walikuwa watu wa sala, wenye miaka mingi katika utawa. Walikuja kumfundisha kijana wa ubatizo wa miaka mitatu neno la mwisho na gumu kuliko yote ya Injili, wakakuta mwanafunzi ametangulia. Nani alimfundisha kati ya Februari na Julai, amelala kifudifudi, bila kitabu, bila misa? Katika maelfu ya saa zile alisali tu. Wenye kumtunza walisema kwamba mateso yake yalikuwa sala kuliko maumivu.

Kuombea adui ndiyo ishara ambayo hakuna mtu aliyeweza kumng'oa shingoni. Na kwa hiyo waliokuja kumwona, wakristu na wasio wakristu, hawakurudi wakisifu nguvu ya Bakanja, ambaye hakuwa na nguvu tena hata ya kuketi. Walirudi wakisema habari za Mungu wake. Bwana Yezu alipowafundisha wanafunzi mlimani kwamba matendo yao yawe nuru, alitaka watu wamtukuze Baba, si taa. Katika nyumba ile ya Busira neno hilo lilitimia bila hotuba.

Siku yake ya mwisho kwa kawaida hutajwa kuwa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ingawa maandiko mengine hutaja tarehe 8 ya mwezi ule. Inasimuliwa kwamba siku hiyo, mgonjwa aliyekuwa amelala miezi sita aliinuka, na rozari mkononi, akatembea kimya katika shamba la migomba, akirudi akala, akalala, akafa. Skapulari ilikuwa tena shingoni mwake.

Alizikwa hapo Busira. Mwaka 1917 mifupa yake ilipelekwa kwenye misioni ya Bokote. Jina lake halikupotea. Wakristu wa Ekwateri waliendelea kusimuliana, na wenye umri walioona kwa macho waliulizwa na Kanisa. Hapa Mashariki tulianza kumfahamu baadaye, na hasa baada ya Dada Anuarite kutangazwa mwenye heri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, siku ile ile ya mwezi ambayo Bakanja alikufa.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Isidore Bakanja kuwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994 huko Roma, wakati maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika katika Sinodi yao. Sisi watu wa Goma hatukupata kushangilia inavyofaa. Mauaji makubwa yalikuwa yameanza Rwanda katika mwezi ule ule, na mwezi wa Julai wakimbizi mamia ya maelfu waliingia katika mji wetu kwa siku chache, na kolera ikaingia nyuma yao. Mwaka ule tulizika. Hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma maisha ya mwenye heri mpya aliyewasamehe waliomtesa, na pengine hakuna mwaka ambao tulimhitaji zaidi.

Mwana mmoja wa jimbo letu amemfuata katika hesabu hiyo. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya kukagua mali inayoingia nchini. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyooza visiuzwe kwa watu wetu, na kwa sababu hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007. Alitangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye hakuvuliwa skapulari. Lakini mambo yalikuwa yale yale: mlei, kazini, mbele ya wenye nguvu waliotaka aache ukristu wake mlangoni. Wakatekumeni wetu wanauliza juu yake ulizo lile lile, yaani kwa nini hakufumba macho mara moja tu, halafu akatubu.

Kwa kuwa tarehe 15 Agosti ni ya Bikira Maria, kumbukumbu ya Isidore Bakanja huadhimishwa tarehe 12 Agosti.

Mwenye heri Isidore Bakanja, utuombee.